Maji Meusi Yanayowaka

Shika ukurasa huu kwa vidole viwili. Uguse. Ni laini, ni mwepesi, unakunjika. Kabla ya kuwa ukurasa ulikuwa mti. Labda ulikuwa msindano, ule mti ambao watu wengi huuita mpaini. Mti huo ulikatwa, ukachanwa vibanzi, ukapikwa.

Sasa jiulize jambo moja. Chukua vibanzi vikavu vya mti, kilo 100. Vikipikwa na kuoshwa, hutoa karibu kilo 50 tu za kutengenezea karatasi. Mara nyingi hata 50 hazifiki. Je, kilo nyingine zimekwenda wapi?

Hazikupotea. Zimeyeyuka ndani ya maji ya kupikia. Maji hayo ni meusi, mazito kidogo, yenye harufu mbaya na yenye kuteleza kama maji ya sabuni. Somo letu la leo ni juu ya maji hayo. Ni uchafu wa kiwanda, lakini ni uchafu wenye moto ndani yake. Kiwanda kinachojua kuyachoma hupata mvuke, hupata umeme, tena hurudishiwa dawa zake za kupikia. Kiwanda kinachoyamwaga mtoni hupata hasara. Na mwanakijiji anayeteka maji chini ya kiwanda hicho hupata hasara kubwa zaidi, maana yeye hakuuza karatasi hata moja.

Nyuzi na gundi

Ukitaka kuelewa jambo hili, anza na nazi. Watu wa pwani wanajua kazi ya makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi mingi. Ile nyama laini inayoshika nyuzi huoza. Baadaye makumbi hufukuliwa, hupondwa na kuoshwa. Zinabaki nyuzi, na nyuzi hizo husokotwa kamba.

Mti nao umeumbwa namna hiyo. Ndani ya mti kuna nyuzi ndogo sana. Za msindano zina urefu wa milimita 3 hivi. Nyuzi hizo zimeshikwa pamoja na kitu kama gundi. Wataalamu huiita gundi hiyo lignini. Bila lignini mti usingesimama. Ungelala chini kama majani. Katika msindano, karibu robo ya uzito wa mti mkavu ni lignini.

Mwenye kutengeneza karatasi anataka nyuzi. Gundi haitaki. Lazima aitoe.

Unaweza kuiona kazi ya lignini hata nyumbani kwako. Chukua kipande cha gazeti na kipande cha karatasi nyeupe ya daftari. Viweke juani siku tatu au nne. Gazeti litageuka rangi ya manjano. Daftari litabaki jeupe, au litabadilika kidogo tu. Sababu ni kwamba karatasi nyingi za magazeti hutengenezwa kwa kusaga mti tu, bila kuupika. Gundi yote imebaki ndani, na jua huibadili rangi. Mti wa kusagwa hautoi maji meusi. Lakini kuusaga kunataka umeme mwingi sana, na karatasi yake si imara. Karatasi ya mfuko wa saruji haiwezi kutengenezwa hivyo. Ingepasuka begani kwa mchukuzi.

Chungu kikubwa

Karatasi imara hutokana na mti uliopikwa. Njia inayotumika zaidi duniani ilibuniwa mwaka 1879 na Mjerumani mmoja, Carl Dahl, katika mji wa Danzig. Mji huo leo unaitwa Gdańsk nao uko Poland.

Njia yenyewe ni hii. Magogo huambuliwa magome. Kisha mashine huyachana vibanzi vidogo, kila kimoja kama ukubwa wa kiberiti au chini yake. Vibanzi huingizwa katika chungu cha chuma. Usifikirie chungu cha jikoni. Chungu hiki ni kirefu kuliko mnazi. Hufungwa imara ili mvuke usitoke, na joto lake hufika digrii 170 hivi. Maji ya kawaida huchemka kwa digrii 100, kwa hiyo hili ni joto kali.

Maji ya kupikia yametiwa dawa za namna mbili. Ya kwanza ni kostiki soda. Wanaotengeneza sabuni kijijini wanaijua kostiki, na wanajua inavyochoma ngozi. Ya pili ni dawa iliyotokana na salfa. Salfa ni ule unga wa manjano ambao wakulima wa korosho hupuliza kwenye mikorosho yao. Dawa hizi mbili hula gundi na kuziachia nyuzi.

Baada ya saa kadhaa chungu hufunguliwa. Kinatoka kitu kama uji wa rangi ya kahawia. Tutakiita rojo. Rojo huoshwa kwa maji mengi. Nyuzi hubaki kwenye chujio, na nyuzi hizo ndizo karatasi ya kesho. Yanayopita chini ya chujio ndiyo maji meusi. Ndani yake kuna karibu gundi yote ya mti, kuna sukari za mti zilizovunjika, na kuna karibu dawa zote zilizotiwa chunguni.

Yakimwagwa mtoni

Zamani viwanda vingi katika nchi nyingi viliyamwaga maji ya namna hii mtoni. Vingine vidogo vimeendelea kufanya hivyo hata katika siku zetu.

Samaki huvuta hewa iliyomo majini. Hewa hiyo si nyingi. Maji meusi yakiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho hufurahia sana. Vimepata karamu. Vinakula sukari za mti, vinazaana, na vinavyokula vinavuta ile hewa. Baada ya muda hewa imekwisha. Samaki hupanda juu, hufunua midomo, kisha hufa. Juu ya hayo, weusi wa maji huzuia mwanga wa jua, na mimea ya chini ya maji haioti. Kostiki nayo huunguza. Ng'ombe hawapendi kunywa maji hayo, na mama aliyekwenda kuchota hurudi na ndoo tupu.

Huo ni upande wa mto. Tazama sasa upande wa kiwanda. Kostiki ni ghali. Nchi isiyoitengeneza huinunua kwa fedha za kigeni. Kila tani ya rojo inataka mamia ya kilo za dawa hizi. Kuzimwaga kila siku na kununua nyingine kila siku ni sawa na mtu anayetupa jembe jioni na kununua jembe asubuhi. Hakuna kiwanda kikubwa kinachoweza kuishi hivyo.

Je, maji yanaweza kuwaka?

Labda mmoja wenu darasani atacheka. Atasema, "Mwalimu, maji huzima moto. Yatawakaje?"

Ana haki ya kuuliza. Maji hayawaki. Kinachowaka ni ile gundi ya mti iliyomo ndani ya maji. Gundi ya mti ni kuni. Iliyeyuka tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaondoa maji.

Wanaotengeneza sukari guru watafahamu upesi. Maji ya muwa hayawaki wala hayagandi. Ukiyachemsha katika karai mpaka maji mengi yapande juu kwa mvuke, yanabaki mazito, mpaka unaweza kuyakata kwa kisu. Maji meusi hufanywa hivyo hivyo.

Yanapotoka kwenye chujio, kilo 100 za maji meusi zina kilo 15 hivi za kitu kikavu. Kilo 85 zote ni maji. Hayo hayawezi kuwaka. Huchemshwa mpaka kitu kikavu kifike kilo 65, 75, hata 80 katika kila 100. Hapo yamekuwa kama asali nzito nyeusi, na yakiwa ya moto huweza kusukumwa ndani ya bomba.

Lakini kuchemsha maji mengi kiasi hicho kunataka kuni nyingi. Je, faida haitaliwa yote hapo? Ingeliwa, kama wangetumia chungu kimoja. Wao hutumia vyungu vitano, sita au saba vilivyopangwa kwa mstari. Mvuke wa nje hupasha chungu cha kwanza tu. Mvuke unaopanda kutoka chungu cha kwanza huingizwa kupasha cha pili. Mvuke wa cha pili hupasha cha tatu. Hivyo hivyo mpaka cha mwisho. Moto wa mara moja unafanya kazi mara nyingi. Mimi nikitazama kiwanda chote cha karatasi, hapa ndipo ninapoona akili zaidi kuliko mahali pengine popote, ingawa wageni wanaotembezwa kiwandani hupita hapo bila kusimama.

Tanuru lenye kazi mbili

Sasa maji meusi ni mazito. Hupulizwa ndani ya tanuru kubwa kwa matone. Tanuru hili lina urefu wa jengo la ghorofa nyingi. Kuta zake zimetengenezwa kwa mabomba ya chuma yaliyojaa maji. Matone huanguka huku yakikauka, na gundi ya mti huwaka kwa moto mkali. Maji yaliyomo katika mabomba ya ukutani huchemka na kuwa mvuke.

Tanuru la namna hii, linalofanya kazi zote mbili kwa pamoja, lilibuniwa huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1930. Aliyelibuni ni G. H. Tomlinson. Kabla yake watu walichoma maji meusi katika majiko ya hali ya chini, na moto mwingi ulipotea hewani.

Nimesema kazi mbili. Ya kwanza ni mvuke. Ya pili ni majivu.

Wazee wetu walijua kutumia majivu. Wapo wanaochoma maganda ya ndizi, wakachuja majivu yake kwa maji, wakapata magadi ya kulainishia maharage au mboga. Wapo waliotengeneza sabuni kwa maji ya majivu. Kilichokuwa chumvi ndani ya mmea hakiungui. Hubaki jivuni.

Katika tanuru la kiwanda ni hivyo hivyo. Kostiki na salfa haziungui. Hubaki chini ya tanuru. Lakini joto la huko ni digrii 800 na zaidi, kwa hiyo majivu hayawi unga. Huyeyuka na kutiririka, mekundu, kama chuma cha mhunzi. Hewa ya sehemu ya chini ya tanuru hupunguzwa makusudi. Mchoma mkaa naye huziba tanuri lake kwa udongo ili hewa iwe kidogo na kuni zisigeuke majivu. Kiwandani hewa hupunguzwa ili salfa irudi katika hali ile inayofaa kupikia.

Majivu hayo mekundu hutiririka ndani ya tangi la maji na kuyeyuka humo. Maji huwa ya kijani. Sehemu kubwa ya kilichomo ni ndugu wa magadi, yale ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Magadi hayana ukali wa kutosha kupikia mti. Basi hutiwa chokaa. Chokaa huyabadili magadi yawe kostiki tena. Chokaa yenyewe hutuama chini kama tope jeupe. Tope hilo nalo halitupwi. Huchomwa katika tanuru jingine likawa chokaa mpya.

Kostiki imerudi. Salfa imerudi. Zinapelekwa tena kwenye chungu kikubwa kupika vibanzi vingine. Katika kiwanda kinachotunzwa vizuri, zaidi ya kilo 95 katika kila kilo 100 za dawa hurudi hivyo. Zinazonunuliwa ni za kujazia tu.

Mvuke nao unakwenda wapi? Kwanza huelekezwa kwenye gurudumu la chuma lenye mapanga mengi. Hulizungusha kwa nguvu, na gurudumu huzungusha jenereta. Huo ni umeme. Mvuke ukitoka hapo umepungua nguvu lakini bado ni wa moto. Hupelekwa kupika vibanzi, kupasha vile vyungu vya mstari, na kukausha karatasi juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka. Mashine ya karatasi hula mvuke mwingi, kwa sababu karatasi huzaliwa ikiwa majimaji kama nguo iliyotoka kufuliwa.

Tufanye hesabu

Kila tani moja ya rojo huacha karibu tani moja na nusu ya kitu kikavu ndani ya maji meusi. Kilo 3 za kitu hicho zina joto karibu sawa na kilo 1 ya mafuta mazito ya mitambo.

Tuseme kiwanda kinatoa tani 100 za rojo kwa siku. Kitu kikavu ni tani 150. Gawanya kwa 3. Ni sawa na tani 50 za mafuta. Pipa moja la lita 200 hubeba mafuta mazito ya kilo 190 hivi. Kwa hiyo ni zaidi ya mapipa 250 kila siku. Si joto lote linalopatikana, kwa kuwa jingine hutumika kumaliza kukausha yale matone na jingine hutoka na moshi. Hata hivyo, fikiria malori ya kubeba mapipa 250 kila siku kupanda milima ya Mufindi, wakati mafuta yenyewe yamo ndani ya mti uliokwisha letwa.

Hatari yake

Sitaki uondoke ukidhani kazi hii ni rahisi. Yale majivu yaliyoyeyuka ni adui mkubwa wa maji. Matone ya maji yakitua ghafla juu ya majivu mekundu, maji hugeuka mvuke mara moja na hupasuka kama baruti. Katika tangi la nje majivu huingia kidogo kidogo, na mlio wake husikika mchana na usiku. Hilo linaweza kudhibitiwa. Hatari kubwa ni bomba la ukutani kutoboka na kumwaga maji ndani ya tanuru. Duniani yako matanuru yaliyopasuka kwa njia hiyo na kuua wafanyakazi.

Kwa hiyo kazi hii ina amri kali. Huko Marekani wenye matanuru haya wamekubaliana mpaka mmoja: maji meusi yakiwa na kitu kikavu pungufu ya 58 katika kila 100, yasiingizwe tanuruni kabisa. Yana maji mno. Na bomba likishukiwa kuvuja, hakuna kungoja amri ya mkubwa. King'ora hulizwa, moto hukatwa, maji ya mabomba hutolewa upesi, watu wote hukimbia mbali, na hakuna anayerudi kabla ya muda uliowekwa kupita.

Tanuru la namna hii halisameheani na uzembe. Meneja akisema, "Tutalikagua mwaka ujao, mwaka huu hatuna fedha," anaweka rehani maisha ya mtu mwingine.

Mgololo, Webuye na Ufini

Tanzania ina kiwanda cha namna hii. Kipo Mgololo, wilaya ya Mufindi, karibu na shamba la miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Kilijengwa kiweze kutoa tani 60,000 kwa mwaka, nacho kilianza kazi mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 kilisimama. Mwaka 2004 kiliuzwa kwa kampuni binafsi na kikafufuliwa. Karatasi yake inayojulikana ni ile ngumu ya kahawia ya kutengenezea mifuko.

Kenya nayo ilikuwa na kiwanda kikubwa cha rojo huko Webuye, kando ya mto Nzoia. Kilianza kazi katika miaka ya 1970, kikafungwa mwaka 2009. Mji mzima ulikitegemea, na kilipofungwa hata wauza chai wa kando ya barabara walikosa wanunuzi.

Kwa nini viwanda hivi husimama? Sababu ni nyingi: madeni, bei, vipuri, uongozi. Somo hili halitazimaliza. Lakini iko moja inayohusu maji yetu meusi. Tanuru halianzi kwa maji meusi. Huanza kwa mafuta ya kununua, mpaka joto litoshe. Baada ya hapo mduara huzunguka wenyewe: mti hutoa maji meusi, maji meusi hutoa mvuke, mvuke hupika mti. Kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana hupata faida yote ya mduara huo. Kiwanda kinachosimama wiki hii na kuwashwa wiki ijayo hununua mafuta kila mara. Kipuri kidogo kikikosekana upande mmoja, mduara wote hukatika. Ni kama baiskeli: ukiacha kukanyaga unaanguka.

Upande wa pili wa dunia iko nchi ya Ufini, yenye misitu mingi na viwanda vingi vya karatasi. Huko Äänekoski kiwanda kipya cha rojo kilifunguliwa mwaka 2017. Kilijengwa kutoa tani 1,300,000 kwa mwaka. Umeme kinaotengeneza kwa maji meusi na magome ni zaidi ya mara mbili ya ule kinaouhitaji chenyewe. Unaobaki huuzwa. Katika kazi ya kila siku hakichomi makaa ya mawe wala mafuta ya petroli.

Magome, nilisahau kuyataja. Magome yaliyoambuliwa mwanzoni huchomwa katika boila ya peke yake. Vilevile msindano una utomvu. Utomvu huo hupanda juu ya maji meusi kama povu la sabuni, na huenguliwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa rangi na gundi.

Harufu nayo? Aliyepita karibu na kiwanda cha namna hii anaijua. Ni kama mayai yaliyooza. Inatokana na salfa. Viwanda vizuri hukusanya hewa hiyo kwa mabomba na kuichoma katika tanuru la chokaa, lakini pua ya binadamu ni kali, na kidogo kinachoponyoka husikika mbali. Tena yapo maji ambayo hayawezi kuchomwa. Karatasi nyeupe hung'arishwa kwa dawa. Ikiwa dawa hiyo ina klorini, maji yake hayaingizwi tanuruni, kwa sababu hula chuma cha mabomba. Hayo lazima yasafishwe katika mabwawa kabla ya kurudi mtoni. Basi mwanakijiji akiambiwa, "Kiwanda chetu huchoma maji yake yote," na aulize juu ya maji ya kung'arishia.

Na miti je? Moto huu ni moto wa mti. Mti mmoja ukikatwa na mwingine ukapandwa, mti mpya huvuta tena ule moshi uliotoka. Miti ikikatwa bila kupandwa, hapana faida yoyote ya kujivunia.

Katika kiwanda cha kupiga chapa

Karatasi ikitoka hapo huenda kwa wapiga chapa. Wao nao wana masalio yao, ingawa si mengi kama ya kwenye rojo.

Mashine kubwa za kupiga chapa majarida hukausha wino kwa kupitisha karatasi ndani ya tanuri la moto. Mafuta ya wino hugeuka mvuke. Zamani mvuke huo uliachiwa hewani, na watu wa jirani waliuvuta. Sasa katika viwanda vingi mvuke huo huchomwa, na joto lake hurudishwa kukausha wino unaofuata. Wino unajikausha wenyewe, tunaweza kusema.

Vipande vya karatasi vinavyokatwa pembeni havichomwi. Hapa msidanganyike na neno "kuchoma masalio." Karatasi safi ina nyuzi nzuri. Ikirudishwa kiwandani hulowekwa na kuwa karatasi tena, na nyuzi zake zinaweza kurudiwa mara kadhaa mpaka zikatike na kuwa fupi mno. Tope linalobaki baada ya kuosha wino, lenye nyuzi zilizochoka, ndilo linaloweza kupelekwa kwenye boila. Kwanza lirudi kazini kinachoweza kufanya kazi. Kisichoweza ndicho kiwe kuni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kilo 100 za maji meusi zina kilo 15 za kitu kikavu. Unataka kitu kikavu kiwe 75 katika kila 100. Ni kilo ngapi za maji zitakazoondolewa kwa kuchemsha? Mwenye kupata jibu aeleze njia yake ubaoni.

2. Kiwanda kinatoa tani 40 za rojo kwa siku. Maji yake meusi yana joto sawa na tani ngapi za mafuta?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini samaki hufa maji meusi yakimwagwa mtoni, hata kama hayana sumu ya kuua papo hapo.

4. Msimamizi wa tanuru ameona dalili ya bomba kuvuja. Mkubwa wake yuko mjini na simu haipatikani. Afanye nini? Kwa nini?

5. Karibu na kijiji chenu kuna mashine ya kupasua mbao, au kinu cha kukoboa mpunga, au kiwanda cha sukari? Maranda, pumba au makapi ya muwa hupelekwa wapi? Nendeni watu watatu mkaone, kisha mje mlieleze darasa.